Mrejesho: mafunzo ya endoskopi kwa vitendo

Wakuu, naleta mrejesho. Niliwauliza kama kozi ya kolonoskopi (kuchunguza utumbo mpana kwa skopu, yaani mrija wenye kamera) kwa vitendo ina maana au niendelee kusimama nyuma ya bingwa nikiangalia skrini. Mlioniambia niende asanteni sana, kuangalia na kushika ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tulianza na simuleta, mashine ya kufanyia mazoezi badala ya mgonjwa. Mkono wa kushoto unashika kichwa cha skopu, dole gumba kwenye gurudumu la juu-chini, wa kulia unasukuma na kuzungusha mrija, na hapo ndo kazi ilipo. Kwenye sigmoidi, ile sehemu ya utumbo mpana yenye kona karibu na mwisho, mrija ukipiga kitanzi unasukuma lakini picha haisogei, saa nyingine inarudi nyuma kabisa, mwalimu ananishika kiwiko, ananiambia vuta taratibu huku unazungusha kulia, na kweli utumbo unanyooka skopu inasonga. Maumivu mengi ya mgonjwa yanatoka kwenye hicho kitanzi, pia hewa inayopulizwa kufungua utumbo ikizidi, ndo maana wengi wanapenda kaboni dayoksaidi badala ya hewa ya kawaida, inafyonzwa haraka.

Kukata polipu (vinyama vinavyoota ndani ya utumbo) bado sijaruhusiwa na naona ni sawa kabisa, kwanza nifike vizuri mwanzo wa utumbo mpana, kule ndani kabisa, msimamizi akiwa pembeni.