Uzi maalum wa gemu za minara kwenye PSP, DS na Switch (mashine za gemu za mkononi): tupeane uzoefu

Siti ya Dirishani:
Habari za jioni wakuu. Humu wacheza mpira na magari wana nyuzi zao kibao, ila sisi wa gemu za kujenga minara tumekaa kimya mno. Nazungumzia zile ambazo maadui wanakuja kwa mawimbi, wanafuata njia yao, na wewe kazi yako ni kuwazuia wasifike nyumbani. Naanza mimi.

Mwaka 2012 nilinunua PSP ya mtumba Kariakoo. Nilikuwa nakaa Mbagala Rangi Tatu, kibarua changu kiko Posta. Asubuhi nageuza na gari ili nipate siti ya dirishani, halafu foleni yote ya Barabara ya Kilwa inakuwa muda wangu. Kwenye memori kadi nilikuta PixelJunk Monsters. Kuna kajamaa kamevaa kinyago, kanakimbia msituni na kugeuza miti kuwa minara. Nyumbani kana watoto 20. Adui akipita, mtoto anaondoka.

Wiki mbili nzima nilikuwa nafungwa. Hela ya mwanzo ni kidogo, na mimi nilikuwa naimalizia kwenye minara ya mizinga kwa sababu inapiga kwa kishindo. Kumbe mzinga haupigi kinachoruka! Wimbi la wenye mabawa likija, minara yangu inaangalia tu. Siku nilipoanza na mishale ndipo gemu lilipofunguka, maana mshale unapiga wa chini na wa juu. Na niliipanga kwenye kona, pale ambapo adui akishapita bado anazunguka karibu na mnara uleule.

Utamu mwingine ni kwamba ukisimama kwenye mnara, kajamaa kanacheza ngoma na mnara unapanda daraja taratibu. Lakini wakati kanacheza, sarafu za maadui waliokufa zinapotea upande wa pili. Uchague moja.

Asubuhi moja pale Zakhem, mzee aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo mtu wako mbona anacheza na watoto wanakwisha?" Nikamweleza. Tangu hapo ikawa kila mtoto akichukuliwa anahesabu kwa sauti: kumi na tisa... kumi na nane... Nikarudia ile levo kuanzia mwanzo kwa ajili yake. Tulipofika Uhasibu wimbi la mwisho likaisha na upinde wa mvua ukatokea, ile alama kwamba hujapoteza hata mmoja. Mzee akasogeza miwani, akauliza, "Wote wamepona?" Nikamwambia wote, shikamoo babu. Akanishika bega mpaka anashuka. Sijamwona tena, ila levo ile kila nikiicheza namkumbuka.

Haya, na nyie? Mlianzaje?

Fundi wa Kota:
Mkuu umenigusa. Mimi natengeneza hizi mashine, nami ni mpenzi wa gemu hizohizo. Kitu kimoja kwa wote wenye PSP za zamani: fungua mfuniko wa nyuma uangalie betri. Ikiwa imevimba, toa leo, usiendelee kuichaji. Na ukifika kituoni huna haja ya kupoteza wimbi lako. Ile swichi ya kulia sukuma juu mara moja na uachie, inalala palepale ulipofika. Ukiishikilia, inazima kabisa.

Mama Nasri:
Mimi nilidhani gemu ni za wavulana. Mwanangu alivunjika mguu mwaka jana, wiki sita ndani, na kaka yangu akatuletea DS yake ya zamani yenye Plants vs. Zombies, gemu la kupanda mimea inayozuia mazombi yasifike nyumbani, na jua ndiyo hela yake. Mwanzoni nilikuwa namsaidia kugusa jua kwa ile kalamu, maana alikuwa amelala chali na mkono unachoka. Baadaye nikawa nagombania zamu.

Nilichojifunza: usianze na silaha. Alizeti moja ni jua 50, na kila jua analokutolea ni 25, kwa hiyo inarudisha gharama yake haraka kisha inakulisha hadi mwisho. Mimi napanda safu nzima ya alizeti nyuma. Zombi wa kwanza anapokuja namwekea kiazi cha bomu, jua 25 tu, ila ukipande mapema kwa sababu kinachelewa kuiva. Usiku ndiyo mtihani: jua halidondoki kutoka angani, unaishi kwa uyoga. Mwanangu aliniambia, "Mama, usiku ni kama mwisho wa mwezi." Mtoto wa miaka tisa!

Sasa tumekwama kwenye levo za ukungu. Mazombi hatuyaoni mpaka yamefika mlangoni, na mengine yanakuja na maputo yanapita juu ya kila kitu. Naombeni msaada, mwanangu anakuwa na hasira mpaka hali chakula.

Ng'ambo ya Pantoni:
Mimi ni Kingdom Rush kwenye Switch, naicheza nikisubiri pantoni kurudi Kigamboni. Wametengeneza Wauruguai, na kwangu hakuna gemu la minara linaloizidi. Siri yangu ni kambi ya askari: ndiyo inayowashikilia maadui wasimame huku wapiga mishale na wachawi wakifanya kazi. Weka askari mbele ya minara, siyo nyuma. Ukiita wimbi mapema unaongezewa hela, lakini kwenye levo ngumu mimi siiti.

Siti ya Dirishani:
Mama Nasri, pole kwa mguu wa kijana. Kwenye ukungu panda ile taa, ni jua 25, iweke kwenye safu za katikati kuelekea ukungu unapoanzia, na mbili zinatosha. Maputo yanatobolewa na mmea wenye miiba, yaani kaktasi, jua 125. Weka mmoja kila njia yanapopita maputo. Na kama mmeshapata lile jani la kupuliza, likipulizwa ukungu unasogea na maputo yote yanaondoka kwa mpigo. Lihifadhi kwa wimbi kubwa.

Mama Nasri:
Asante sana kaka. Tumepita saa nne usiku huu, jani tulilipuliza kwenye bendera ya mwisho, yaani wimbi kubwa la kumalizia. Amekula wali wote, sasa amelala na kalamu ya DS mkononi.