"Jina limebadilishwa, mnataka nini tena?" Yule mheshimiwa wa jana usiku ametutukana!

Mwananzengo (mtoa mada)

Wakuu, naandika hasira zikiwa bado za moto. Simtaji, mnamjua. Kama humjui, basi jana usiku ulikuwa kaburini.

Kaulizwa swali jepesi, la somo la uraia kabisa: wajumbe wa Tume ya Uchaguzi ya Tanzania wanapatikanaje, na wakishapatikana nini kinawalinda? Akavuta glasi ya maji, akanywa taratibu kama ngamia aliyefika kisimani, akafuta midomo, akasema: "Jina limebadilishwa, mnataka nini tena?"

Halafu akacheka. AKACHEKA! Kicheko kile kimetikisa mabati kuanzia Dodoma mpaka Kasulu.

Jina! Ukiandika "mchele" kwenye gunia la pumba, wali utaiva?

Haya, tulishike hilo jina. Tarehe 12 Aprili 2024 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa Sheria Na. 2 ya mwaka huo. Katiba je? Mara ya mwisho kufanyiwa mabadiliko ni 2005. Ibara ya 74 iko palepale: Mwenyekiti anateuliwa na Rais, Makamu anateuliwa na Rais, wajumbe wanateuliwa na Rais. Na Rais huyohuyo anaruhusiwa kuwa mgombea katika uchaguzi ambao hao watu watautangazia mshindi. Halafu Ibara ndogo ya 12 inazuia mahakama kuchunguza lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake, na Ibara ya 41(7) inafunga mlango wa kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa. Yaani refa kachaguliwa na nahodha wa timu moja, na filimbi yake haikatiwi rufaa popote.

Mtu anaulizwa hayo, anajibu jina. Na maji alikunywa KWANZA. Alipata muda wa kufikiri, akafikiri, akaja na jina!

Chuma cha Reli

Mtoa mada unapiga kelele kama muuza dawa ya panya stendi. Aya nzima ya ngamia na mabati, hujataja hata Kamati ya Usaili, ile inayowasaili wanaotaka ujumbe wa Tume. Sheria ya 2024 imeiweka, na mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu wa Tanzania. Zamani mtu alikuwa anasikia jina lake redioni asubuhi, basi, keshakuwa mjumbe. Na Ibara ya 74(11) inasema wazi Tume hailazimiki kufuata amri ya mtu yeyote, idara ya serikali wala maoni ya chama chochote. Soma kwanza, hasira baadaye.

Mwananzengo

Nimesoma kabla hujazaliwa humu jukwaani. Kamati inapendekeza, kalamu ya kuteua imebaki mkono uleule. Na Jaji Mkuu mwenyewe kateuliwa na nani? Hiyo 74(11) ni nzuri kwa kutundika ukutani. Muhula wa mjumbe ni miaka 5 na Ibara haikatazi kuteuliwa tena, kwa hiyo mwaka wa nne anajua fika nani atakayeamua kama anarudi. Jaji akitakiwa kuondolewa, Ibara ya 110A inataka iundwe tume ya kumchunguza kwanza. Mjumbe wa Tume ya Uchaguzi? Ibara ya 74 inataja sababu tu: maradhi, tabia mbaya, kupoteza sifa. Nani anachunguza, kwa hatua zipi, Ibara imenyamaza.

Ila wewe umekiona kile kicheko au hukukiona?

Mzee wa Fomu

Mnagombania paa, nyumba inavuja ukutani. Mwenyekiti hahesabu kura. Anayepokea fomu za wagombea, anayeamua pingamizi kwa mara ya kwanza, anayejumlisha na kutangaza mbunge ni msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Chini ya sheria ya zamani ya uchaguzi, kifungu cha 7(1), huyo alikuwa mkurugenzi wa halmashauri moja kwa moja kwa cheo chake. Na mkurugenzi ni mteule wa Rais.

Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 10 Mei 2019 vifungu 7(1) na 7(3) vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Hoja ilikuwa Ibara ya 74(14): anayehusika na uchaguzi asijiunge na chama cha siasa. Furaha ilidumu miezi mitano. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitengua ile hukumu. Shauri likapelekwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, na Juni 2023 ikasema vifungu hivyo vinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Sheria mpya inazungumzia "mtumishi wa umma mwandamizi". Sasa mkurugenzi wa halmashauri si mtumishi wa umma mwandamizi? Cheo kimetoka mlangoni, kikarudi kwa dirisha. Dawa ni Tume kuwa na maofisa wake wenyewe mpaka wilayani, wanaolipwa nayo, wanaopandishwa na kufukuzwa nayo. Ukiazima mtumishi kwa wiki sita, siku ya saba baada ya kura anarudi kwa bosi wake, na bosi ana kumbukumbu.

Mwananzengo

Naam! Sasa kamwambie haya yule wa "jina limebadilishwa".

Binti wa Chake

Nyinyi wa Bara mnalilia jina, sie huku tulipewa na viti. Katiba ya Zanzibar, Ibara ya 119: Tume yetu ya Uchaguzi ina watu 7, na wawili kati yao huteuliwa kwa mapendekezo ya kiongozi wa upinzani kwenye Baraza la Wawakilishi. Ikasaidia nini? Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti kakaa mbele ya kamera, kafuta uchaguzi mzima, na wajumbe wengine wakasema hapakuwa na kikao. Marudio yakaitishwa 20 Machi 2016. Kumpa mpinzani kiti hakutoshi kama sheria haikumfunga mwenyekiti mikono: hakuna tamko bila kikao, hakuna kikao bila akidi, na muhtasari utiwe saini. Hicho ndicho cha kukasirikia, si mtu kunywa maji.

Mkulima wa Nakuru

Majirani, poleni, lakini msifikirie kwetu ni peponi. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 iko sawa kabisa kwa karatasi: makamishna wa tume ya uchaguzi wana muhula mmoja wa miaka 6, hakuna kurudi, na kuwatoa lazima ombi lipitie Bunge la Kitaifa kisha liundwe jopo la uchunguzi. Jopo la uteuzi linampa Rais majina 2 ya mwenyekiti na 9 ya makamishna, anachagua 1 na 6, Bunge linapitisha. Shida? Mwenyekiti na makamishna wawili waliapishwa pamoja Januari 2017, wakaisha pamoja Januari 2023. Wengine watatu walikuwa wamejiuzulu baada ya matokeo ya 2022, wa nne akaondolewa. Wanasiasa wakakaa wakivutania nani aingie kwa jopo, likatoka watu 7 likawa 9. Tume ikakaa bila kamishna hata mmoja mpaka Julai 2025! Eneobunge la Banissa halikuwa na mbunge tangu Machi 2023, na makataa ya kupitia mipaka ya maeneobunge yakapita Machi 2024 hakuna wa kuipitia. Mkiandika sheria yenu, muhula wa kila mmoja uishe mwaka wake.

Chuma cha Reli

Kumbe! Wakenya ndio mlikuwa mnatufundisha katiba, na mbunge mmoja amewashinda.

Mkulima wa Nakuru

Afadhali sisi tunaenda kortini. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais. Wewe Ibara ya 41(7) inakuruhusu kwenda wapi?

Mwananzengo

Jamani turudi kwenye mada. Alicheka, wakuu. Alicheka!

Kisanduku Wazi

Mada gani tena? Kero kubwa kuliko zote humu hakuna aliyeigusa: fomu 21A ya matokeo ya Rais kituoni. Wakala wa chama asipopewa nakala, hata mkipata mahakama ya kwenda mtapeleka nini, kicheko?

Mzee wa Fomu

Hapo umegonga. Na wakala mwenyewe lazima awe ndani kwanza. Majina yanapelekwa kwa msimamizi kwa maandishi siku 7 kabla ya kura, halafu kiapo cha kutunza siri, halafu barua ya utambulisho. Kimoja kikipungua anaishia mlangoni.

Kisanduku Wazi

Na vyama vinakumbuka zikibaki siku tano. Fungua uzi wa hilo, mzee, watu waweke hatua zote huko.