Kisu kikubwa cha kukunja cha kwenda nacho kambini: tupeane uzoefu

MwanaRaskazone

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao mimi, mdogo wangu na watoto wetu wanne tunapanda Magoroto kule Muheza, tunalala kwenye mahema siku tatu pale ziwani, karibu na michikichi. Nataka kununua kisu kimoja kikubwa cha kukunja, kile chenye vifaa vingi ndani, nikae nacho miaka.

Nauliza kwa sababu mwaka jana niliumia. Nilinunua kimoja barabarani kwa elfu 15, kinene kweli, boksi limeandikwa kina kazi 18. Siku ya kwanza kambini meno ya msumeno yalilala kwenye tawi kavu la mpera. Siku ya pili kifungulio kilipinda juu ya kopo la maharage. Siku ya tatu bapa kubwa lilianza kucheza kushoto na kulia kwenye pini yake, na mwanangu wa miaka 9 ndiye alikuwa ananiomba akishike achonge kijiti. Nilikifunga palepale nikakitia chini kabisa ya begi. Hadi leo sijakifungua.

Naomba mnisimulie yaliyowakuta ninyi wenyewe. Ulikuwa na kisu gani, kilikufaa wapi, kilikuangusha wapi? Ukubwa gani unatosha mkono wa mtu mzima? Na katika vifaa vyote vile, vipi hasa ulivitumia?

Mkwezi wa Pangani

Mkuu, mimi nianze na kidole changu cha shahada, ambacho mpaka leo hakikunji vizuri.

Tulikuwa wanne ufukweni Ushongo, tumeangua madafu, panga limesahaulika nyumbani. Nikatoa kisu changu cha mfukoni, chekundu, kizima, kikali. Nikamenya ganda la dafu polepole mpaka nikafika kwenye kifuu, kazi inaenda vizuri. Kosa nililifanya mwisho: nikataka kutoboa kwa ncha. Nikasukuma. Ncha ikakwama, mkono ukaendelea mbele, bapa likarudi kwenye mpini wake na kidole changu kikiwa katikati. Nilishonwa nyuzi 6, na safari ya saa nzima nyuma ya pikipiki nimefunga mkono kwa kanga.

Kisu hakikuwa kibovu. Sikujua tu kwamba bapa lake lilishikwa na springi peke yake, halina kufuli. Springi inakuzuia kukifunga kwa bahati mbaya ukiwa unakata kwa makali, lakini ukisukuma kwa ncha, au ukigonga mgongo wa bapa, haina nguvu ya kukulinda.

Kwa hiyo ukifika dukani, usianze kuhesabu vifaa. Fungua bapa kubwa, kisha tazama ndani ya mpini. Je, kuna kibati chembamba kinachoruka na kukaa nyuma ya kitako cha bapa? Kama kipo, jaribu kulifunga bapa bila kukigusa. Likigoma, hilo lina kufuli. Kwa visu vya Victorinox, ile kampuni ya Uswisi, nimejifunza hivi: vile vyenye mpini wa milimita 91, tunavyoviona kila mahali, bapa halifungwi kufuli. Vile vikubwa vya milimita 111 ndivyo vyenye kufuli. Hizo milimita 20 zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini ukikishika unaona mkono mzima umepata mahali pa kukaa.

Jembe na Panga

Panga linatosha jamani. Babu zetu walilala porini bila kisu cha Uswisi.

Mkwezi wa Pangani

Ndugu yangu Jembe, kwa dafu nakubali, na ningekuwa na panga siku ile kidole kingekuwa kizima. Lakini kwa panga huwezi kumtoa mtoto mwiba, wala kukaza skrubu ya jiko la gesi. Vyote viwili viende.

Mzee wa Mikaratusi

Vijana, nimefanya kazi za misitu Lushoto mpaka nimestaafu. Kisu cha kukunja cha Uswisi nilipewa na bwana niliyekuwa nikimsindikiza kupima miti, na kimekaa kiunoni kwangu kuliko saa yoyote niliyowahi kuvaa. Bapa lake sasa limekuwa jembamba kwa kunolewa, limebaki kama jani la mpunga.

Visu hivi vilianzia kwenye shida ya askari. Karl Elsener alifungua karakana yake ya visu mwaka 1884 huko Ibach, na mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi la Uswisi visu. Askari walihitaji kitu kimoja cha kufungulia kopo la chakula na cha kufungulia skrubu za bunduki yao. Ndiyo maana kile cha kwanza kilikuwa na bapa, bisibisi, kifungua kopo na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea, basi. Kile chepesi cha maofisa, chenye kizibuo cha kujipinda cha chupa za mvinyo, kilisajiliwa mwaka 1897. Hata jina la Victorinox lina historia yake: Victoria ni mama yake Elsener, na "inox" iliongezwa mwaka 1921 walipoanza kutumia chuma cha pua.

Nawaambia haya kwa sababu vile vinne vya askari ndivyo nilivyovitumia mimi msituni, nikaongeza na msumeno. Msharasi watu wanaudharau. Mimi nimetoboa mikanda ya ngozi, nimeshona gunia kwa kamba ya katani, nimetoboa turubai lililochanika nikaweka kamba mpya usiku mvua ya vuli inanyesha. Msumeno nao uujue mipaka yake. Ni mfupi, sentimita 8 au 9, na unahitaji nafasi ya kwenda na kurudi. Tawi la unene wa mpini wa jembe linakatika vizuri. Likizidi hapo unajichosha bure. Wala usiusukume kwa hasira ukauvunja, uache meno yafanye kazi yake.

Na mti mbichi usiuguse. Magamba na Amani ni hifadhi za mazingira asilia, ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Waulize walinzi kuni za kambi mnapata wapi.

MwanaRaskazone

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Kizibuo je, kina kazi kwa sisi tusiotumia mvinyo?

Mzee wa Mikaratusi

Marahaba mwanangu. Kinafungua fundo la kamba lililokaza kwa umande. Ingiza ncha katikati ya fundo, zungusha kidogo, vuta. Asubuhi ya kuvunja hema utanikumbuka.

Nahodha wa Maziwe

Mimi ni mtu wa chumvi, kwa hiyo nitasema ya chumvi.

Mgeni mmoja Mfaransa niliyempeleka kisiwa cha Maziwe aliniachia kisu cha Opinel, namba 10, bapa sentimita 10, mpini wa mbao. Hao wanatengeneza kule Savoie, Ufaransa, tangu 1890, na shingoni kina pete ya chuma unayoizungusha, bapa halirudi tena. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Hakina vifaa vingi, ni bapa tu, lakini kwa kukata sijawahi kushika kitu kama kile. Samaki nilikuwa namfungua kama karatasi.

Lakini kilikuwa cha chuma cha kaboni. Nilikisahau usiku mmoja tu chini ya ubao wa ngalawa, asubuhi nikakikuta rangi ya udongo mwekundu. Na mbao ilikuwa imevimba kwa maji, bapa halitoki hata ukivuta kwa kucha zote mbili. Nikakianika kivulini siku mbili, nikagonga kitako cha mpini kwenye ubao, bapa likajitokeza kidogo nikalishika.

Tangu hapo nina utaratibu: nikitoka baharini nasuuza kwa maji baridi ya kisima, nafuta mpaka pini ikauke, napaka tone la mafuta ya nazi. Hata kama chako ni chuma cha pua fanya hivyohivyo. Chuma cha pua kinachelewa kupata kutu, lakini kwa chumvi ya huku kwetu kinapata, hasa kwenye springi na viungo ambako jicho halifiki. Kwa kambi ya pwani, chukua chuma cha pua. Kwa milimani, mtu anayejua kukitunza achukue cha kaboni, kinanoleka haraka.

Bonde la Sigi

Naongoza wageni Amani, na pikipiki ndiyo miguu yangu. Mimi si mtu wa kisu cha Uswisi, ni mtu wa plaizi.

Kati ya Muheza na Amani klipu ya cheni iliruka. Klipu ya akiba ninayo mfukoni, lakini kwa vidole huwezi kuirudisha, inataka kubanwa. Plaizi ya Leatherman, ile ya kukunja yenye bapa na vifaa ndani ya mikono yake, ikaibana mara moja, tukaondoka. Yule Mmarekani aliyeibuni, Tim Leatherman, alianzia kwenye shida kama yangu: mwaka 1975 alizunguka Ulaya na gari bovu, mfukoni ana kisu kisicho na plaizi. Akaja kuanza kuuza chake mwaka 1983.

Ila nisifiche na upande wa pili. Ukichonga kijiti nacho kwa nusu saa, kingo za mpini zinakula kiganja, kwa sababu mpini ndio mikono ya plaizi. Na ni kizito kwenye suruali. Kwa anayesafiri na chombo cha moto, plaizi. Kwa anayetembea kwa miguu na watoto, mkuu, sikushauri.

Mama wa Skauti

Mimi ni mwalimu, nimepeleka vijana Magamba mara nyingi, na mwezi wa saba kule ni baridi ya kweli na kuni zote zimelowa ukungu. Unajua tunawashaje? Tunapasua kijiti, tunatafuta moyo wake mkavu, kisha kijana anachonga nyuzinyuzi nyembamba zisizokatika, zinabaki zimejikunja kwenye kijiti kama manyoya ya kuku. Hizo zinashika moto wa kiberiti kimoja. Kwa kazi hiyo bapa lazima liwe kali na mpini ujae mkononi. Hapo ndipo kisu kikubwa kinapolipa bei yake.

Kaka uliyeuliza, una mtoto wa miaka 9, kwa hiyo hili nakuandikia kwa kusisitiza. Kabla kisu hakijafunguliwa, mtoto anyooshe mkono wake azunguke pande zote. Akimgusa mtu, anasogea yeye. Anakata kwenda nje ya mwili, amekaa, viwiko juu ya magoti, kamwe si juu ya paja. Na kisu kinapokezanwa kikiwa kimefungwa. Umfundishe pia kukifunga kisu chenye kile kibati cha kufuli: vidole vyote vitoke kwenye njia ya bapa ndipo dole gumba lisukume kibati. Kufuli inawalinda wakati wa kukata, lakini wakati wa kufunga ndipo wanapojikata.

Vifaa nilivyotumia mimi: mkasi kila siku, kwa plasta, bandeji na kucha. Kibano, kwa miiba. Usinunue kisichokuwa na mkasi kama una watoto. Na fungeni utepe wa rangi ya machungwa kwenye kile kipete cha mwisho wa mpini. Viwili vyetu vilimezwa na majani makavu, na vilikuwa vyekundu.

Kinoo

Naongeza machache, ni kazi yangu. Noeni kwa jiwe la maji, lile la kulowesha, bapa likiinama kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, polepole. Msipeleke kisu kizuri kwenye jiwe la kuzungusha linalotoa cheche. Bapa likipata joto hadi kugeuka bluu, ugumu wake umeondoka na hautarudi kwa kunoa. Viungo vikikaza, suuza kwa maji ya moto na sabuni, kausha, tone la mafuta ya cherehani.

Na kwa bandia: chungulia chini ya bapa karibu na pini, jina la mtengenezaji lazima liwe limegongwa kwenye chuma. Kisha kifunge na ukishike kuelekea dirishani. Nikiona mwanga unapita katikati ya mabapa na vibati, mimi huwa nakirudisha kwenye kabati.

Abiria wa Pemba

Moja tu: mkipanda ndege, kisu kiwe kwenye begi la kupakia. Changu cha miaka 7 kilibaki kwenye kapu la ukaguzi wakati naenda Pemba, na kilikuwa zawadi ya marehemu kaka yangu. Bado naumia.

MwanaRaskazone

Wakuu, mrejesho. Tumerudi Magoroto jana.

Nilichukua cha milimita 111, cha kufuli, kina msumeno, kifungua kopo, msharasi na kizibuo. Chenye mkasi kwa ukubwa huo sikukipata, kwa hiyo mkasi mdogo na kibano tulivibeba kwenye boksi la huduma ya kwanza, na Mama wa Skauti ulisema kweli, vilitoka kila siku. Dukani nilikifungua na kukijaribu mara kumi mbele ya muuzaji, halafu nikakielekeza dirishani kama alivyosema Kinoo. Mwanga haukupita.

Kuni zilikuwa zimelowa. Jioni ya kwanza nilichonga manyoya ya kijiti mimi, mara tatu yakakatika, ya nne yakashika moto. Jioni ya pili alichonga mwanangu. Alikaa kwenye gogo, akanyoosha mkono akazunguka, akamsogeza binamu yake, ndipo akafungua. Alichukua muda mrefu, nami sikumharakisha. Asubuhi ya kuondoka kamba za hema zilikuwa zimekaza kwa umande, mzee, na nilikukumbuka.

Sasa hivi kiko juani kwenye kibaraza, kimeoshwa, kinasubiri mafuta. Kinoo, naomba uniambie jiwe la maji unalolitumia unalipata wapi hapa mjini.