Naomba ushauri: kijana wa miaka 16 kwenye filamu yetu ya chuo

Habari zenu wakuu. Tunaandaa filamu fupi ya chuo kuhusu wapaa samaki wa soko la Feri, Dar. Mmoja ana miaka 16, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo bado ni mtoto. Mama yake ameridhia kwa maandishi, na mwenyewe anatamani kuonekana. Tatizo, kwenye mahojiano ya majaribio ameeleza jinsi tajiri wake anavyomkata hela. Tumejaribu kumficha uso, lakini sauti yake na ile aproni ya kiroba cha bluu, pale sokoni nani asiyevijua? Mwalimu anasema ridhaa ya mzazi inatosha. Mimi roho inasita. Je, kipande hicho tukiondoe, au maneno yake yasomwe na mtu mwingine? Na tukimfidia siku ya kazi aliyopoteza, haitaonekana tumemnunua?