Tupeane uzoefu: Uchaguzi wa diwani au meya uliwahi kukutokea puani?

MzeeWaKata: Wakuu, jana napanga kabati nikakuta fulana ya kampeni ya 2015, ya mgombea udiwani wa kata yetu. Imeshakuwa tambara la kufutia baiskeli. Ya rais na mbunge kila mtu anayasimulia, leo tubaki kwa diwani na meya. Uliyegombea, uliyekuwa wakala, uliyeingia ukumbini siku ya meya, karibu.

KalamuYaBluu: Umenitonesha. 2015 nilikuwa wakala wa mjomba wangu. Kituo kilifunguliwa saa moja asubuhi, kikafungwa saa kumi jioni, na mimi nilikuwa nimekunywa chai tu. Tukahesabu rais, tukahesabu mbunge, za diwani zikaja mwisho, taa ya betri imeshaanza kufifia. Msimamizi wa kituo akasema, "Vijana, tusaini kabisa fomu, namba nitajaza, tuwahi kulala." Kalamu yake ikagoma. Nikampa yangu. Nikasaini 21C, fomu ya matokeo ya diwani, ikiwa tupu, kwa kalamu yangu mwenyewe! Nakala aliyonipa niliikunja bila kuisoma. Natoka mlangoni, nageuka nyuma, naona fungu moja la kura bado limefungwa mpira juu ya dawati. Nikajiambia hizo ni zilizoharibika. Mjomba alishindwa kwa kura 11. Mpaka leo akinikaribisha kwake, chakula hakipiti.

Binti_Ushirika: Pole, ndugu yangu. Njaa ya wakala naijua.

SheriaKwanza: Pole ya nini? Wakala anakula kiapo. Ulisaini karatasi tupu, mwenye kosa ni wewe.

KalamuYaBluu: Ndiyo maana nimeandika hapa na sijaandika mahakamani, mkuu.

Kijana_wa_Mtaa: Mimi 2020 nilimpigia kura meya wetu, hajaonekana tena mtaani.

SheriaKwanza: Hukumpigia. Tanzania mwananchi anampigia diwani, madiwani ndio wanachagua meya miongoni mwao. Naibu meya naye hivyo hivyo, ila yeye anarudi kupigiwa kila mwaka.

Kijana_wa_Mtaa: Basi nilimpigia diwani aliyempigia. Tofauti iko wapi?

Kariakoo_Damu: Tofauti iko ukumbi wa Karimjee! Mmesahau Dar 2016? Uchaguzi wa meya wa jiji umeahirishwa weee, mpaka 22 Machi ndipo Isaya Mwita akapata 84 kwa 67. Sisi wapigakura tulikuwa nje, tunasubiri kama ndugu wa mgonjwa.

SheriaKwanza: Na halmashauri yenyewe ya jiji ikavunjwa 2021, Ilala ndiyo ikapewa hadhi ya jiji. Kwa hiyo mlisubiri bure.

Kariakoo_Damu: Wewe kwenu mlisubiri nini cha maana?

MamaViti: Acheni ugomvi. Mimi nimekuwa diwani wa viti maalumu. Kwenye kumchagua meya tulikuwa tunawazidi upande wa pili kwa kura moja tu. Chama kikatulaza gesti siku tatu, simu zimekusanywa kwenye beseni. Mwenzetu mmoja akaharisha usiku, akapelekwa hospitali na watu sita. Hakuna aliyemuuliza tumbo linaendeleaje, kila mtu anauliza, "Kesho ataweza kusimama?"

Kura2: Hahaha. Sasa sikieni yangu. Kura za maoni za udiwani, zile za ndani ya chama, nimezunguka kwa wajumbe mwezi mzima. Misiba nimezika, harusi nimechangia, pikipiki nimeuza. Siku ya matokeo anasomwa wa kwanza, wa pili, mimi wa mwisho: kura 2. Moja ni yangu, nina uhakika nayo. Kufika saa mbili usiku wajumbe 9 wamenipigia simu, mmoja mmoja, kila mmoja anaapa, "Kaka, ile nyingine ni yangu." Wawili wakaomba na nauli.

Binti_Ushirika: 😂😂 Wajumbe si watu!

KalamuYaBluu: Nimecheka mpaka nimemsahau mjomba. Nauli ulituma?

Kura2: Nilituma wote wawili. Ningejuaje?

MzeeWaKata: Ushauri kwa wanaojipanga: fomu ya dhamana wala si gharama, gharama ni watu. Usiuze kitu.

MamaViti: Usimdanganye. Ukienda mikono mitupu hata hiyo moja hupati.

SheriaKwanza: Mama, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanasoma humu.

MamaViti: Nimesema mikono. Kwani mkono wa pole ni rushwa?

Kijana_wa_Mtaa: Mkuu Kura2, shemeji hakuwa mjumbe?

Kura2: Alikuwa mjumbe.

Kijana_wa_Mtaa: Na hakupiga simu?

Kura2: Tunalala chumba kimoja, apige ya nini? Nilimuuliza usiku uleule. Akasema kura ni siri, akaendelea kuchambua mchicha.

Binti_Ushirika: Mchicha usiku? Huyo hakukupa.