Tiketi ya "Dar–Joburg moja kwa moja" ni usanii mtupu, tumeuzwa njia nzima

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa nauli za mikoani, hili ni jambo jingine kabisa.

Kuna kampuni ya mabasi, jina naliacha nisije nikaitwa polisi kwa kuchafua biashara ya mtu, ina wakala wake hapa Dar anayekata tiketi za Johannesburg. Bango lake limeandikwa "moja kwa moja", limechorwa basi la ghorofa, choo ndani, chaja kila siti. Nikamuuliza kwa mdomo wangu: gari ni hilohilo mpaka mwisho? Akanijibu, "Kaka, wewe ukipanda umepanda, unashukia Park Station." Nauli yote nikalipa palepale. Hapo ndipo tulipopigwa, maana hela yote ikishaliwa Dar, kila anayekupokea huko mbele anakuona mzigo usio na faida.

Kutoka Mbezi hadi Tunduma sina la kusema. Basi la kawaida, si la ghorofa, lakini dereva anajua kazi, Kitonga tumepanda salama. Tatizo limeanza Tunduma. Konda kasimama mlangoni: "Wa Joburg shukeni na mizigo yenu, gari lenu liko ng'ambo linawasubiri." Tumegonga mihuri, tumevuka Nakonde, ng'ambo hakuna gari. Kuna kijana ana daftari. Anatuhesabu, anapiga simu, anatuhesabu tena. Saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kila ukimuuliza tunaondoka lini anakujibu kwa saa inayomfaa yeye. Tukakaa juu ya mabegi pembeni ya foleni ya malori mpaka jua likageuka.

Gari lilipokuja lilikuwa la kampuni nyingine, linakwenda Lusaka, na limeshajaa. Namba ya siti yangu kakalia mtu mwenye tiketi halali ya Nakonde–Lusaka, huyo nitagombana naye vipi? Mimi nikapewa ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 20, imepinduliwa katikati ya njia, kitako kina ufa unaobana suruali kila gari likiruka shimo. Na Great North Road mashimo inayo, waulizeni madereva wa malori habari za Mpika hadi Serenje. Hilo ndilo basi la ghorofa nililolipia.

Kuuzwa njiani kila mtu hapa anakujua. Daladala ikiona abiria wamebaki wachache inawauza kwa nyingine, unanuna, unahamia, unasahau. Lakini ukiuzwa Ubungo unaweza kushuka ukapanda boda mpaka nyumbani. Ukiuzwa Nakonde usiku unaingia, hela yako yote iko mfukoni mwa mtu aliyebaki Dar, unafanya nini?

Halafu usiku. Wakala alituambia gari linatembea usiku kucha, "kesho yake mchana mko Lusaka, jioni Harare." Zambia iliweka marufuku mwaka 2016, mabasi ya abiria hayatembei kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Sisi tumeruhusiwa kutembea usiku tangu 2023, wao hapana. Sheria yao sina ugomvi nayo, ajali za usiku zimewamalizia watu. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuza tiketi za njia hiyo kila siku, anaijua sheria hiyo kuliko mimi, na bado anakupangia ratiba ambayo haiwezekani. Saa tatu ilipofika gari likaegeshwa Mpika, taa zikazimwa. Wenye siti wakalala kwenye siti. Sisi wa ndoo tukatandika kanga za watu chini.

Lusaka ndiyo kichefuchefu chenyewe. Tumefika stendi ya Intercity, tumeonyesha tiketi za Dar dirishani. Dada wa pale akazigeuza mbele na nyuma, akasema kwa upole kabisa kwamba yeye hazijui. Simu ikapigwa Dar. Jibu: hela "haijatumwa bado", tulipe wenyewe Lusaka–Harare kwa kwacha halafu tutarudishiwa tukirudi. Tutarudishiwa na nani, kwa risiti gani? Tiketi yenyewe imeandikwa kwa kalamu, haina hata mhuri!

Hapo tuliokolewa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, njia hiyo anaijua kama chumba chake. Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa basi la Harare, kapakata begi, akasema gari hili haliondoki mpaka wanangu wapande. Dereva akawasha injini kumtisha, mama akatoa chungwa akaanza kumenya. Mwishowe wakatupakia nusu. Nusu nyingine walilipa upya, na mpaka naandika hapa hakuna aliyeona senti.

Niwe mkweli, Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, hatukusumbuliwa. Pale nchi zote mbili zinakuhudumia ndani ya jengo moja tangu 2009, kituo cha kwanza cha namna hiyo Afrika, na kwa abiria inasaidia kweli. Foleni moja, muhuri huu, muhuri ule, unaondoka.

Sasa nije kwenye michango ya makonda. Wabongo wenzangu, sikilizeni vizuri. Pasipoti ya Tanzania haihitaji viza kuingia Zambia, wala Zimbabwe, wala Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Kwa hiyo konda anapopita na kofia kabla ya mpaka akisema "kila mtu atoe ya kurahisisha muhuri", jueni anarahisisha maisha yake. Nilipokataa alinitangazia gari zima kwamba nikikwama hatanisubiri. Watu wakaogopa wakatoa.

Kwenye mpaka mmoja (siutaji) mzee wetu mmoja alishikwa kwa kadi ya njano. Kaambiwa chanjo yake ya homa ya manjano imepita miaka kumi, imekufa, achanje upya au "waelewane". Wakuu, tangu Julai 2016 chini ya kanuni za afya za kimataifa za WHO cheti hicho ni cha maisha, hata kama kwenye kadi pameandikwa kinaisha baada ya miaka kumi. Nilimwambia mzee. Mzee akanitazama, akatazama basi lililokuwa limeshawashwa, akalipa. Simlaumu. Konda ndiye aliyekuwa anamshika mkono kumpeleka pembeni, mkono huohuo uliotakiwa umtetee.

Harare tukabadilishwa tena, gari nyingine, kampuni nyingine. Nimeshazoea, napita haraka. Bebeni dola ndogondogo tu, chenji ya dola kule ni pipi au deni linaloandikwa mgongoni mwa tiketi.

Beitbridge. Pale si kama Chirundu. Unagongewa kutoka Zimbabwe, mnavuka Limpopo, halafu foleni inaanza upya upande wa Afrika Kusini, usiku, na baridi ya mwezi wa saba. Kijana mmoja wa kwetu, wa Songea, akawekwa pembeni aulizwe maswali: unafikia wapi, una hela kiasi gani, tiketi ya kurudi iko wapi. Maswali ya kawaida. Dereva kasubiri kidogo, kapiga honi, kaondoa gari. Tulipiga kelele gari zima, konda akajibu, "Atapanda linalofuata." Linalofuata la nani, wakati tiketi yake hata Lusaka hawakuitambua? Alishuka na pasipoti na simu tu. Koti lake limebaki limening'inia kwenye siti, begi liko kwenye buti. Koti nililichukua mimi. Kijana kafika Joburg kwa kulipa gari jingine kutoka Musina, mji wa Afrika Kusini ulio karibu na mpaka huo, na begi lake tulilikuta ofisini kwao zipu iko wazi, viatu hakuna. Kampuni inasema mzigo ni juu ya abiria. Abiria gani, mliyemwacha mpakani?

Kwa wale mnaosema ningepanda TAZARA: reli ile ina kilomita 1,860 na inaishia New Kapiri Mposhi, Lusaka yenyewe haifiki. Ilijengwa kwa upana uleule wa reli za kusini, 1,067 mm, ili mabehewa yaweze kuendelea mbele, lakini abiria pale anashuka, anarudi kulekule kwenye basi. Na mnaosema "panda ndege": kama ningekuwa na hela ya ndege ningeandika uzi huu kweli?

LATRA wanadhibiti mabasi ya kwetu, Zambia wana mamlaka yao, Zimbabwe yao. Sawa. Lakini huyu anayekata tiketi Dar kachukua hela Dar, kwa shilingi, kwa mtu wa Dar. Hilo ni suala la hapahapa, halihitaji mkutano wa SADC. Tiketi ya nje ya nchi iandikwe jina la kila kampuni itakayokupokea, namba ya gari, na namba ya mtu wa kila kituo. Asiyeweza kuyaandika hayo aache kuuza tiketi ya moja kwa moja, auze ya Tunduma.

Mpaka hapo watakapobanwa, kateni kipandekipande. Dar–Tunduma, Nakonde–Lusaka, Lusaka–Harare, Harare–Joburg. Mkononi mwa kila mmoja unatoa nauli yake na kila mmoja anakupa siti, kwa sababu hela anaiona. Nimepiga hesabu nikalinganisha na niliyotoa Dar: kipandekipande ni nafuu.

Mliokuwa kwenye safari ile, hasa mliolipa mara mbili Lusaka, njooni PM na picha ya tiketi pande zote mbili na risiti ya kwacha kama mnayo. Mama wa vitenge kama unasoma hapa, namba yako ya simu niliyoandika ina tarakimu pungufu, nitafute. Kijana wa Songea yuko tayari kusimama kama shahidi. Jumatatu naipeleka barua ya malalamiko, na safari hii siendi peke yangu.