Kiwanda cha chipu kinachechemea: niende au nibaki Lindi?

Kutoka: Binti wa Mtanda, Lindi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko mliko.

Nina stashahada ya umeme, huu mwaka wa pili niko nyumbani, nasaidia duka la baba mdogo pale stendi. Nimepata nafasi Ujerumani, jimbo la Saxony: mafunzo ya ufundi ya miaka mitatu kwenye kiwanda cha semikondakta, yaani wanatengeneza chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki vilivyomo ndani ya simu na magari. Kijerumani nimefika B1, yaani kiwango cha kati. Mkataba ninao, sijasaini.

Sasa kaka kaingia mtandaoni kakuta habari kwamba kiwanda chenyewe kina hasara na kinapunguza watu. Mama kasikia, tangu juzi halali. Kuna mtu humu ameshafanya kazi mahali pa namna hiyo? Mle ndani kunakuwaje kampuni ikiyumba? Naombeni ukweli, hata kama unauma.

Kutoka: Mjomba wa Nachingwea, Muscat

Marahaba binti.

Babu yangu alipata kazi kwenye reli ya karanga. Waingereza walianza mashamba ya karanga 1947, wakajenga bandari Mtwara na reli mpaka Nachingwea, mapesa kama mchanga. 1951 wakatangaza wameacha. Reli ikaja kung'olewa, babu akarudi kulima muhogo. Miaka hii ya karibuni vijana wa Mtwara wakaambiwa gesi, watu wakapandisha nyumba za wageni kila kona, leo nyingine wanafugia kuku. Kazi ya mzungu ikianza kuchechemea haimsubiri mtu. Korosho zipo, kaa na mama yako.

Kutoka: Dada wa Mikindani (kwa sasa Mtwara mjini)

Mjomba shikamoo. Binti, marahaba.

Nimechelewa kujibu, niko likizo kwa Bi Mkubwa hapa Shangani, na jana umeme ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama ghafla kama nimechomwa, wadogo zangu wakanicheka. Wao wamezoea. Mimi akili ilishakwenda kuhesabu wefa.

Nimefanya miaka sita kwenye kiwanda cha chipu hukohuko Saxony, 2018 hadi 2024. Jina siliweki, bado nina rafiki zangu mle. Wefa ni kisahani cha silikoni, chembamba, kinang'aa kama kioo, na chipu zinatengenezwa juu yake. Kwetu zilikuwa za milimita 200, upana wa sahani ndogo ya kulia, zinakaa 25 kwenye kasha moja. Kisahani hicho kinapita hatua mamia: kinapakwa dawa, kinapigwa mwanga, kinachongwa kwa gesi, kinaoshwa, kinaingia tanuri, halafu mambo yanaanza upya juu ya yale ya kwanza. Kutoka kuingia mpaka kutoka ni miezi miwili, mitatu. Usiku mmoja umeme ulipepesa tu, hata nusu sekunde sidhani kama ilifika. Mashine zikasimama kila moja na wefa zake tumboni. Tulikaa mpaka alfajiri tukitenganisha zilizopona na za kutupa, na hakuna aliyezungumza.

Ulichouliza hasa ni kampuni ikiyumba. Kwanza ujue, haikwambii kwamba inaumwa. Unaona mwenyewe. 2021 chipu ziliadimika dunia nzima, viwanda vya magari vikasimama vikizisubiri, na sisi tulikuwa wafalme. Kazi za ziada mpaka unakataa. Toroli za makasha zilipanga foleni mpaka mlangoni. Wateja kwa hofu wakawa wanaagiza mara mbili ya wanachohitaji, kisha maghala yao yakajaa, wakaacha kuagiza. Kufika mwisho wa 2023 rafu zetu zikawa na mapengo. Wa kwanza kuondoka walikuwa wale walioletwa na mawakala wa ajira, Ijumaa wapo, Jumatatu hawapo, hata kuagana hakuna. Kikapu cha matunda kikatoweka kantini. Mashine moja ikiharibika, fundi anaambiwa akafungue ile iliyolala achukue kifaa, kama gereji ya bajaji. Na bosi mkubwa, ambaye miaka mitano hajawahi kunijibu salamu, akaanza kupita zamu ya usiku akiuliza watoto hawajambo. Sina mtoto. Hapo ndipo nilipojua tumekwisha.

Utauliza kwa nini wasipunguze tu uzalishaji wakasubiri. Haiwezekani kirahisi. Ile hewa ya mle inachujwa na mafeni yasiyozimwa usiku na mchana, maji yanasafishwa muda wote, matanuri hayaachwi yapoe. Mashine zimenunuliwa kwa mamilioni ya yuro, ikifanya kazi au ikilala, gharama yake ni ileile. Watu wa kwetu mtanielewa upesi zaidi ya Wajerumani: salfa ya mikorosho unapulizia Juni, mnada unafunguliwa Oktoba, na bei unaijua siku ya mnada. Ukishapulizia huwezi kuurudisha unga kwenye mfuko. Msimu wa 2018 mnaukumbuka, wanunuzi walikuja na bei ya chini mpaka serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo. Chipu ndiyo hivyohivyo, isipokuwa kule msimu mbaya unaweza kuchukua miaka miwili.

Nilifanya zamu na mzee mmoja Mjerumani aliyewahi kuwa Qimonda, kampuni ya chipu za kumbukumbu iliyofilisika Januari 2009. Aliingia kwetu akaanza upya akiwa na miaka arobaini na kitu. Tangu rafu zianze kuonyesha mapengo, kila Ijumaa alikuwa anatoa kitu kimoja kabatini mwake anakwenda nacho nyumbani. Leo ndala, wiki ijayo sweta, wiki ijayo picha ya mjukuu. Siku tulipoitwa mmojammoja kupewa barua, sisi wengine tulikuwa tunasaka mifuko ya kubebea vitu. Kabati lake lilikuwa na kikombe tu. Alikibeba mkononi, akatushika mikono wote, akaenda kupanda tramu.

Kabla ya barua walituweka kwanza kwenye saa pungufu. Mwajiri anapunguza kazi, na serikali inafidia asilimia 60 ya mshahara wa mkononi uliopotea, 67 kama una mtoto. Kwa hesabu inavumilika. Kinachouma ni posho ya zamu ya usiku, ambayo ndiyo nilikuwa natumia nyumbani. Na hapa nikiri ujinga wangu: sikumwambia Bi Mkubwa. Nilikuwa naezeka nyumba Mikindani, nikaendelea kutuma kiasi kilekile kwa miezi mitano, nikikopa benki ili bati zisisimame. Bati zilifika. Deni nimelimaliza mwaka huu.

Kosa la pili. Waliniletea mkataba wa kuachana kwa makubaliano, una kiinua mgongo kizuri, wakaniambia nisaini ndani ya wiki. Nikasaini. Ofisi ya ajira ikanikatia wiki 12 za mafao ya kukosa kazi, kwa sababu kwa macho yao nimeacha kazi mwenyewe. Ningempelekea kwanza mtu wa baraza la wafanyakazi aisome, angeniambia. Ukipewa barua ya kufukuzwa, una wiki tatu tu za kwenda mahakama ya kazi, zikipita zimepita. Na siku unayoambiwa kazi inaisha, nenda kajiandikishe kwamba unatafuta kazi. Kama imebaki chini ya miezi mitatu, una siku tatu tu. Usikae chumbani kulia kwanza. Mimi nililia kwanza.

Sasa wewe. Mjomba naheshimu, lakini anachanganya mambo mawili. Wewe huendi kama mfanyakazi, unaenda kama mwanafunzi wa ufundi, na sheria ya kule inamlinda mwanafunzi kuliko ilivyonilinda mimi. Muda wa majaribio hauzidi miezi minne, ukishapita ni vigumu sana kukuondoa. Kampuni ikifa katikati bila kosa lako, unapewa hadi miezi sita kutafuta kiwanda kingine umalizie. Mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba ya biashara na viwanda, siyo kampuni, kwa hiyo cheti ni chako na kinasomeka kiwanda chochote. Na Saxony viwanda vya chipu vimebanana. Mimi sasa niko kingine, dakika ishirini kwa tramu kutoka kile cha zamani. Mzee wa kikombe yuko huko pia, zamu ya asubuhi.

Usidanganyike tu na matangazo. Kile cha Intel, kampuni ya chipu ya Marekani, pale Magdeburg kilisemwa sana, 2024 kikaahirishwa, 2025 kikafutwa. Nyie wa Lindi mliosubiri mtambo wa gesi Likong'o mnayajua haya bila kufundishwa. Lakini kile cha Dresden, cha Wataiwani wa TSMC na wenzao, msingi ulizinduliwa Agosti 2024 na kinajengwa kweli.

Kwa hiyo kabla ya kusaini waandikie uulize: kuna baraza la wafanyakazi? Wanafunzi waliomaliza mwaka jana wangapi walibakizwa? Mnatengeneza chipu za nini? Kama ni za magari tu, jua ziko kwenye foleni moja na magari. Asiyetaka kujibu maswali hayo, hilo nalo ni jibu. Mimi ningesaini.

Kutoka: Kaka wa Masasi, Arizona

Dada kamaliza, mimi naongeza la Marekani kwa watakaosoma. Huku saa pungufu za serikali hazijaenea namna hiyo. Kampuni yenye watu mia au zaidi ikipunguza wengi kwa mpigo inapaswa kutoa notisi ya siku 60, na mwenye viza ya kazi ya H-1B kazi ikiisha naye ana siku 60 kupata mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Bima ya afya inaondoka na kazi. Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza kama watu 15,000, mtaani kwetu wiki ile hakuna aliyekuwa na hamu ya nyama choma. Na hisa wanazokupa badala ya nyongeza, usizihesabu kama pesa. Mimi nilizihesabu, nikamwahidi shemeji trekta.

Kutoka: Mjomba wa Nachingwea, Muscat

Haya, mimi nimesikia. Ila B1 isikudanganye, Mwarabu mwenyewe nimekaa naye miaka 19 na bado akikasirika simwelewi.

Kutoka: Binti wa Mtanda, Lindi

Asanteni sana wote. Nimemsomea mama yote, mpaka la trekta, kacheka. Kasema niulize mawili. Mtandio wanaruhusu? Na Ramadhani inakuwaje kwenye zamu ndefu?

Kutoka: Dada wa Mikindani

Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Mle ndani kila mtu anafunikwa, mwanamume kwa mwanamke: kofia mpaka mabegani, barakoa, ovaroli, buti, macho tu ndiyo yanabaki. Mtandio wako wa pamba unauacha kabatini upande wa wanawake, kwa sababu unatoa nyuzi, unavaa wavu wa nywele na ile kofia yao juu. Siku ya kwanza nilijitazama kwenye kioo nikaona nimevaa nikabu. Wajerumani hawakuelewa nacheka nini.

Kitakachokusumbua ni kingine. Poda, wanja, liwa, manukato, vyote marufuku. Niliwahi kurudishwa mlangoni kwa sababu ya udi: nilijifukiza jana yake kwa ajili ya harusi, msimamizi akaninusa, akaniambia nikaoge nirudi. Hata karatasi ya kawaida na penseli haviingii.

Ramadhani utaweza. Mle ndani maji hayanywewi hata na wasiofunga, mpaka utoke, uvue, unywe, uvae upya, robo saa nzima. Shida ni futari, jua linaweza kuzama katikati ya zamu. Omba mapumziko yako yahamishwe, msimamizi mzuri anakubali. Mimi nilikuwa na tende mfukoni mwa koti kabatini, na ming'oko mikavu, mizizi yetu ya porini, ambayo mzee wa kikombe aliionja akasema ina ladha ya mti.

Mkataba wangu wa zamani ninao hapa, nimeuhifadhi kwenye simu. Panda basi la asubuhi Jumamosi uje nao wako, tuusome kifungu kwa kifungu. Uje na mama, na ming'oko.